Barua ya wazi kwa wazee wa usharika: kabla ya saruji ya Juni, tuulize kibanja ni cha nani

Kwa Baba Mchungaji, wazee wa usharika, Kamati ya Vijana na Kamati ya Diakonia.

Bwana Yesu asifiwe.

Wengi wenu mnaniita "mama wa risiti". Tangu safari ya kwanza, Juni 2017, mimi ndiye ninayeshika daftari la vijana wetu wanaokwenda Kagera wakati wa likizo kuwajengea wajane nyumba. Kilo ya misumari ikinunuliwa Muleba, najua imenunuliwa kwa nani na kwa bei gani. Mfuko wa saruji ukilowa njiani, umeandikwa. Upo hata ukurasa wa ndala zilizopotea. Juma lililopita nimelipitia daftari lote, safari kwa safari, nikitafuta jambo moja tu: ni wapi tuliandika kwamba kiwanja tunachojenga, kibanja kama wasemavyo kule, ni cha nani. Nyumba nane, na sikuona palipoandikwa.

Nawaeleza kwa nini nililitafuta.

Agosti 2025 nilikwenda msibani Bukoba. Basi likapita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi kwa dakika chache tu, nikakumbuka zile saa tulizokuwa tukizimaliza kwenye foleni ya kivuko, vijana wakiimba mapambio na akina mama wauza mahindi ya kuchoma wakiitikia. Msiba ulipoanza kupoa nikatafuta bodaboda anipeleke kwa yule mama wa nyumba ya 2022. Jina lake silitaji, wala kijiji. Ninyi mnamjua. Picha yake ipo kwenye ubao wa matangazo hapo mlangoni, ameshika ufunguo na macho yamejaa machozi.

Nyumba ipo, tena imesimama vizuri. Lenta haina ufa. Bati la geji 28, lile tulilobishana vikao viwili kwa sababu geji 30 ilikuwa nafuu, halina hata doa la kutu. Kwenye kizingiti bado yanasomeka maandishi ambayo vijana waliyachora kwa msumari saruji ikiwa mbichi: "Kidato cha 3, 2022. Mungu ni mwema." Mlango umepakwa rangi ya bluu. Pembeni pamelazwa baiskeli, na kwenye kamba zimeanikwa nguo za watoto nisiowajua.

Akatoka mwanamume wa makamo. Alinikaribisha kwa heshima zote, akatoa kigoda, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama ilivyo desturi ya kule mgeni anapofika. Nikamuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Akaniambia, "Mwenye nyumba ni mimi." Hakusema kwa jeuri. Akanieleza kuwa yeye ni mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu, kwamba ukoo ulikaa kikao, kwamba kibanja kimerudi kwa wenyewe, na mama "amepumzika kwa kaka yake". Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka naandika barua hii sijapata jibu lake: "Mama, mlipokuja kujenga hapa, kibanja mlimwomba nani?"

Hatukumwomba mtu, wazee wangu. Mimi nilikuwepo. Tulipewa majina matatu ya wajane wenye shida, tukachagua mmoja kwa sababu gari la mchanga lingeweza kufika karibu na kwake. Siku ya uzinduzi mwenyekiti wa kijiji alikuja, akakata utepe, akala pilau. Huyu bwana naye alikuwepo. Nimekwenda kuangalia picha za siku ile: amesimama mstari wa nyuma, ameshika chepeo. Alitusaidia kuchanganya zege.

Nilimfuata mama huko aliko, vilima viwili mbele. Analala na binti zake wawili kwenye jiko la kaka yake. Alinipokea kama vile mimi ndiye niliyepata msiba. Alikwenda ndani akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua, ndani mkiwa na ule ufunguo. Akaniuliza kama anatakiwa kuurudisha kanisani.

Sasa hili ndilo ninaloomba mlisome taratibu. Mume wa huyu mama alifariki 2014. Kwa miaka minane alikaa kwenye kibanja kile katika kibanda cha miti na udongo ambacho tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikipasua upande mzima, na hakuna mtu aliyemsogelea. Kibanda hakikuwa na thamani, na migomba yenyewe ilikuwa imeshambuliwa na mnyauko. Nani angegombania? Tukaja sisi na vijana 34, tukaweka vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji, dirisha lenye nondo. Mwaka mmoja na nusu baadaye ukoo ukakaa kikao. Tungekuwa hatujajenga, huenda mama yule angekuwa bado anaishi kwenye kibanda chake, kinavuja, lakini ni chake. Nyumba yetu ndiyo iliyomtoa.

Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta mahali pa kujitetea, na sijapaona.

Kwa wale ambao hamjakaa Kagera, kibanja si shamba tu. Ni migomba, kahawa na nyumba kwa pamoja, na mara nyingi makaburi ya wazee yapo humo humo. Mtu akisema "kibanja cha ukoo" anasema na makaburi. Kwa hiyo ukoo unapomtazama mjane ambaye ana mabinti tu, unaona kibanja kinakwenda kuolewa nje. Hofu hiyo naielewa. Na haikuanza jana: kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Yule bwana wa mlango wa bluu hakuibuni sheria hiyo kichwani mwake.

Lakini zipo sheria nyingine, na hapa ndipo tulipozembea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayotoa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mtu anaiomba kwa Halmashauri ya Kijiji na inaweza kuandikwa kwa jina la mjane. Si jambo la Dar es Salaam wala la matajiri. Linaanzia kwa mtendaji wa kijiji, mtu yule yule ambaye kila Juni tunampelekea barua ya kuomba vijana walale shuleni.

Na kesi kubwa kuliko zote juu ya jambo hili ilitoka huko huko Kagera ikaamuliwa hapa hapa Mwanza. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithishwa ardhi na baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kudai kuwa kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akasema mila hiyo inabagua na inapingana na Katiba, na mauzo yakasimama. Nilikuwa na miaka kumi na minne wakati huo, nasoma mji huu huu, na sikuwahi kulisikia jina hilo mpaka mwaka huu, nilipoelezwa na msaidizi wa kisheria mmoja, binti mdogo kabisa, kwenye benchi nje ya ofisi ya kata.

Huyo binti hakunidanganya kwamba mambo ni mepesi. Alinitajia pia wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao. Mahakama Kuu ilikiri kuwa mila ile inabagua lakini haikuibatilisha, rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi, na ni mpaka 2015 ndipo kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliposema haki zao zilivunjwa. Hesabuni miaka. Mjane akishatolewa, kumrudisha ni kazi ya muda mrefu. Kumwandikia hati kabla hajatolewa kunaweza kuwa kazi ya vikao vichache na mtu mvumilivu.

Sitaki mtu asome barua hii akadhani naikataa safari. Mimi safari hii naipenda kuliko mnavyodhani. Nimeona watoto wa mjini ambao nyumbani hawajawahi kuosha sufuria wakishuka chemchemi na ndoo alfajiri ili tofali zimwagiliwe kabla jua halijawa kali. Mwaka 2018 vijana walijenga kozi tatu za tofali peke yao wakati fundi ameenda kunywa uji. Fundi akarudi, akateremsha timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, akatazama bila kusema kitu, kisha akaanza kutoa tofali moja moja mbele yao na kuzipanga chini, tope likiwa bado bichi. Kijana mmoja alilia. Fundi akamkabidhi timazi, akamwambia, "Ishike wewe, mimi nijenge." Mpaka safari inaisha kijana yule hakuiachia ile kamba, na leo anasomea ujenzi Veta. Kwa hiyo sisemi tukae nyumbani.

Nasema fundi yule hakuwa anaanza na timazi. Siku ya kwanza kabisa alipigilia vigingi, akafunga kamba, akapima futi tatu upande huu, nne upande ule, akahakikisha tano katikati ndipo aliporuhusu mtu achimbe. Pembe ikikosewa chini, alisema, juu mtaisumbukia mpaka kwenye kenchi. Sisi tumekuwa mahodari wa kupima ukuta. Ardhi iliyo chini ya ukuta hatujawahi kuipima.

Najua mtakayosema, maana nimeshayasikia nilipomdokeza mzee mmoja baada ya ibada. La kwanza: kanisa lisiingie kwenye migogoro ya ardhi. Mzee wangu, tumeshaingia. Tuliingia siku ile tulipomwaga zege kwenye kibanja cha watu bila kubisha hodi. Kilichobaki ni kuchagua kama tunaingia mapema kwa kikao na kahawa, au baadaye kwa aibu. La pili: tukianza habari za hati tutachelewa, na vijana wana likizo ya majuma machache tu. Ni kweli, likizo ni fupi, na ndiyo sababu kazi hii si ya vijana. Ni yetu watu wazima, na msimu wake ni Januari na Februari wakati wao wapo darasani. La tatu, na hili lilisemwa kwa sauti ya chini: wafadhili hutoa pesa wakiona bati, hawatoi wakiona karatasi. Hapo sina la kubishana. Ninachojua ni kwamba kila mwaka tunashona fulana mpya zenye maandishi ya safari, na sijawahi kusikia mfadhili akilalamika kwamba fulana si bati.

Kwa nini basi tusimsome Musa? Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya wakuu wote. Baba yao amekufa, hana mtoto wa kiume, na wao wanaomba milki kati ya ndugu za baba yao. Hawakuomba kujengewa. Waliomba ardhi. Musa hakuwaambia kuwa kanisa haliingii kwenye mambo hayo; alilipeleka shauri mbele za Bwana, na jibu lilikuwa kwamba wamesema haki. Nimelisikia neno la Yakobo juu ya yatima na wajane likihubiriwa kila Mei tunapochangisha. Hiyo ya Selofehadi, kwa miaka yangu yote katika usharika huu, sijaisikia madhabahuni.

Ninachoomba ni hiki. Kabla ya kiti kimoja cha basi kulipiwa kwa ajili ya Juni 2026, watu wawili watatu, mmoja wao mwanamke, waende kijijini tulikokwisha kuchagua. Wakae na mjane peke yake kwanza, wamuulize kama anaitaka nyumba pale pale, maana huenda ana sababu za kutoitaka. Ndipo wakae na ukoo, pamoja na kaka wa marehemu, pamoja na yule mpwa ambaye kwenye kila uzinduzi husimama nyuma na chepeo. Muhtasari uandikwe na watie sahihi mbele ya mwenyekiti na mtendaji. Maombi ya hati yaanze kwa jina la mjane, na mabinti kama wapo watajwe. Wasaidizi wa kisheria wapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na kwa asiye na uwezo huduma yao ni bure. Kama ukoo utakataa, tusijenge hapo. Tumzibie paa, tumtengenezee choo, au tumtafutie kipande chake mwenyewe hata kama mwaka huo vijana watarudi hawana picha ya ufunguo.

Nakumbusha pia, kwa ufupi kwa sababu tulishalizungumza: pendekezo la kuihamishia safari Desemba halifai. Desemba Kagera ni mvua, na tofali zitanyeshewa. Juni ndiyo kiangazi.

Millard Fuller na mkewe Linda walipokwenda Mbandaka, Zaire, mwaka 1973 kujenga nyumba na watu wenye kipato kidogo, kabla ya kuanzisha Habitat for Humanity, lile shirika lao linalojulikana dunia nzima, walikuwa na utaratibu wa mwenye nyumba kushiriki kujenga na kulipa kidogo kidogo bila riba. Zamani niliuona utaratibu huo kama ubahili: maskini umlipishe nini? Siku hizi nauona kwa jicho lingine. Mtu aliyelipa, hata kidogo, ana karatasi mkononi ya kuonyesha. Mama yetu tulimpa kila kitu bure, na karatasi pekee aliyobaki nayo ni kadi ya mwaliko wa uzinduzi. Ameihifadhi. Nilipoisoma, jina lake halimo. Imeandikwa "nyumba ya mjane".

Kuna jambo la vijana wenyewe. Wale wa Kidato cha 3 wa 2022 sasa ni watu wazima, wengine wapo chuo. Wanaijua nyumba ile kama jambo jema zaidi waliloshiriki maishani. Nani atawaambia? Mimi nimeanza. Nimempigia mmoja, yule aliyechora maandishi ya kizingitini. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Mama, kwa hiyo tulimjengea yule baba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema anataka kuja kwenye kikao. Nimemwambia aje, na naomba asizuiwe getini kwa kuwa si mjumbe.

Kuhusu mama mwenyewe, shauri limeshafikishwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria inataka baraza hilo liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake, na nimeambiwa mmoja wa hao watatu naye ni mjane. Yule bwana amekubali kuja kusikilizwa. Hataki ugomvi na kanisa, alisema, ila anataka kanisa lije lenyewe, lisitume barua. Nami naona yuko sahihi. Naomba Baba Mchungaji na wazee wawili mpange siku. Nauli ipo, imebaki kwenye fungu la fulana.

Na ile picha ya ubaoni naomba ishushwe. Nilitaka kuishusha mwenyewe Jumapili, nikaona si adabu kabla ya kuwaambia.

Kikao chetu ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Nitakuja na daftari, na ufunguo. Kitasa chake kilishabadilishwa, lakini mama amesema nyie ndio mtakaosema upelekwe wapi.

Wenu katika Kristo,
Mlezi wa vijana